Kaunsela wetu alikuwa bado mwanafunzi, na ningemchagua tena

Naandika hii kwa wale wanaoambiwa "kaunsela tuliyenaye mwenye nafasi ni mwanafunzi, yuko kwenye mafunzo ya vitendo" halafu wanasita, maana mimi nilipokuwa natafuta sikukuta mtu yeyote aliyeeleza huwa inakuwaje humo ndani, nilikuta matangazo tu. Familia yetu imehudumiwa na mmoja wao kwa muda wa kutosha kumjua anavyofanya kazi. Jina lake silitaji na kituo pia sikitaji, yeye bado anasoma na yaliyosemwa mle ni ya kwetu, na mdogo wangu ambaye ndo alikuwa mteja amesoma hii yote kabla sijaiweka hapa, kuna sehemu kasema toa na nimetoa.

Kwa kifupi hali ilikuwa hivi. Mdogo wangu wa kiume aliacha masomo bila kumwambia mtu, akawa analala mchana anakesha usiku, haongei, na akiongea basi ni na mzee na ni ugomvi. Mama analia jikoni. Mimi ndo nikawa mjumbe, mzee ananituma kwake, yeye ananituma kwa mama, mama ananiuliza mzee kasemaje, yaani siku nzima nabeba maneno ya watu. Kabla ya huyu dada, yaani huyo kaunsela mwanafunzi, tulishaenda kwa mtu mwingine mwenye miaka mingi kwenye hiyo kazi, kikao cha kwanza tu akamgeukia kijana akamwambia baba yako anakupenda ndo maana anafoka, muombe msamaha muanze upya. Mdogo wangu akaomba msamaha pale pale ili atoke, na hakurudi tena. Kwahiyo tunaingia kwa huyu mwanafunzi tumeshachoka na hatuna imani kubwa.

Kitu cha kwanza alichonifurahisha ni kwamba hakujificha. Kabla hatujaambiwa hata kueleza shida alisema mimi bado niko mafunzoni, nina msimamizi mwenye leseni, kila wiki nakaa naye napitia kazi yangu, na mkiridhia nitakuwa narekodi vikao ili yeye asikie ninavyoongea na nyinyi, mkikataa kurekodiwa bado mtahudumiwa. Akatoa fomu ya ridhaa akaipitia nasi mstari kwa mstari, sio ile saini hapa na hapa. Mzee akauliza huyo msimamizi ni nani na amesoma nini, akajibiwa bila kukasirikiwa, akapewa na namna ya kumfikia moja kwa moja kama tuna malalamiko. Mzee wangu ni mtu wa kupima watu na nilimwona bega limeshuka kidogo.

Halafu akaingia kwenye siri, na hapa naomba wazazi msome vizuri maana ndo panapowavuruga wengi. Mama aliuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza, mwanangu akikwambia kitu mimi si utanieleza? Akajibu, "Hapana mama, akiongea na mimi peke yake yanabaki hapa, isipokuwa akiwa kwenye hatari ya kujiua au kumdhuru mtu, au kuna mtoto anaumizwa, au mahakama ikiniamuru. Na ikifika hapo, nitajitahidi yeye awe wa kwanza kujua kwamba nakwenda kusema." Mama hakupenda. Ila mdogo wangu kwa mara ya kwanza aliinua uso, na nadhani kilichomfanya arudi wiki iliyofuata ni hilo jibu kuliko kitu kingine chochote alichofanya huyo dada.

Aliongeza na jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kwa kuwa nawaona kama familia na pia namwona huyu peke yake, mtu akinipigia pembeni akaniambia la mwenzake, sitalifanyia kazi kwa siri, nitamsaidia alilete mwenyewe mezani. Sasa mzee akampigia. Ndo mzee huyo, kampigia katikati ya wiki kumwambia huyo kijana mkanye kuhusu marafiki zake. Kikao kilichofuata kabla ya lolote dada akasema baba alinipigia, nilimwambia nitalisema hapa, baba ungependa ulieleze mwenyewe? Kimya kikatanda pale ndani. Mzee akaeleza, kwa sauti ya chini kuliko ile ya nyumbani, na mdogo wangu akamjibu badala ya kuondoka. Yaani kile kitu ambacho nyumbani kingepitia kwangu, kikapotoshwa, kikarudi kikiwa kikali zaidi, kiliisha ndani ya dakika kumi. Mtu mzoefu angeweza kufanya hivyo pia bila shaka, ila nilichokiona kwa huyu ni kwamba alikuwa anafuata alichosema kama alivyokisema, bila kuangalia nani mkubwa pale.

Nimekuwa nikisoma sana kuhusu hizi kazi tangu tuanze, maana nilitaka kujua kama ana msingi au anabahatisha. Kuna Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1954 hadi 1959 alikuwa analaza familia nzima wodini pamoja na mgonjwa wao ili awaone wanavyoishi, na moja ya mambo aliyoyaeleza ni kwamba watu wawili wakishindwa kuvumilia mvutano kati yao humvuta wa tatu, akaiita pembetatu. Nilivyosoma hivyo nikajiona mimi mzima mzima. Dada hakunipa somo la Bowen wala hakuniambia wewe ni pembetatu. Siku moja nilikuwa naongea, nimeuliza mdogo wangu ana mpango gani na masomo, akanikatisha kwa upole, "Dada, hilo swali unamuulizia nani?" Nikanyamaza. Lilikuwa la mzee. Akamgeukia mzee akamwambia labda uulize wewe, na akamgeukia mdogo wangu, wewe mjibu baba, ukishindwa mwambie baba umeshindwa usimpe dada. Kwa miaka nilikuwa naamini kazi yangu ya kubeba maneno ndo inaishikilia hiyo nyumba. Kuanzia siku ile nikianza kutumwa najibu muulize mwenyewe, na mwanzoni nyumba ilitulia kwa namna mbaya, watu hawaongei kabisa, lakini alikuwa ametutahadharisha kwamba itakuwa hivyo kwa muda na tusirudi nyuma haraka.

Kikao cha viti siwezi kukisahau. Alituambia kila mtu achukue kiti akiweke umbali anaohisi yuko na wengine kwa sasa, bila kuongea. Mama akaweka chake karibu na cha mdogo wangu mpaka vikagusana, mzee akaweka chake karibu na mlango kawageuzia ubavu, mimi nikajikuta nimesimama katikati nimeshika kiti sijui pa kukiweka. Mdogo wangu akachukua chake akakisogeza mbali na cha mama. Mama alishtuka, alidhani yeye ndo kimbilio lake. Hapo dada hakutafsiri chochote, aliuliza tu mama unaona nini, halafu akamuuliza mdogo wangu, ukisogea hapo ulipo unapata nini ambacho hapa hukipati? Akasema pumzi. Baadaye nikasoma kwamba mambo ya kuwapanga watu chumbani namna hii yalitumiwa sana na Virginia Satir, mmoja wa waanzilishi wa tiba ya familia, na kwamba Salvador Minuchin naye aliandika mwaka 1974 kuhusu mipaka ndani ya familia, ile migumu inayotenganisha watu na ile iliyolegea mpaka mtu hana pake. Sisi tulikuwa na aina zote mbili nyumba moja, wa kwa mzee mgumu na wa kwa mama haupo.

Kuhusu kazi yake na mdogo wangu peke yake mimi najua alichoniambia mwenyewe tu. Kasema hakuulizwa hata mara moja kwanini hutaki kusoma. Aliulizwa kwenye 0 hadi 10 una hamu kiasi gani ya kubadilisha chochote kwenye maisha yako kwa sasa, akasema 3, akitegemea ataambiwa mbona ndogo. Badala yake akaulizwa mbona 3 na sio 1? Ikabidi atafute mwenyewe sababu za kwanini ana hamu hata hiyo kidogo, na anasema alipozisikia zinatoka mdomoni mwake alishangaa. Hiyo ni njia inayotokana na mahojiano ya kuhamasisha aliyoanza kuyaandika mwanasaikolojia William Miller mwaka 1983 akifanya kazi na watu wenye shida ya pombe, baadaye akaendelea nayo na Stephen Rollnick, na msingi wake ni kwamba mtu akisukumwa kubadilika atatetea kutobadilika, ila akisaidiwa kusema mwenyewe anachotaka anaanza kujisikiliza. Nyumbani sisi tulikuwa tunasukuma kutoka pande zote nne.

Na kulikuwa na swali zito. Mapema kabisa, akiwa naye peke yake, alimuuliza wazi kama ana mawazo ya kujiua. Hakuzunguka zunguka, hakusema "si huwazi mambo mabaya eh?" ambayo inamfanya mtu ajibu hapana. Najua watu wengi wanaogopa kwamba ukiuliza unampa mtu wazo, sio kweli, kuuliza hakupandi hilo wazo, mara nyingi kunampa mtu nafasi ya kushusha mzigo. Jibu lake halikuwa hapana. Dada akabaki ametulia, akauliza zaidi ili ajue hatari iko kiwango gani, siku hiyo hiyo akampigia msimamizi wake kabla mdogo wangu hajaondoka, na wakaandika pamoja mpango wa usalama: dalili za kwanza anazozijua kwamba anaelekea kubaya, vitu anavyoweza kufanya mwenyewe, watu na sehemu za kumtoa mawazo, watu wa kuwaambia ukweli, wataalamu wa kupiga simu muda wowote, na nyumba iwe salama. Halafu akamuuliza nani hapa nyumbani ungependa ajue huu mpango. Akanichagua mimi na mama. Tukaitwa ndani, akatueleza yeye mwenyewe mdogo wangu, dada akiwa pembeni anamsaidia akikwama. Dawa zilizokuwa zimelundikana kabatini tulizitoa jioni ile ile. Mzee alikuja kuambiwa baadaye, na mdogo wangu ndo alimwambia.

Naomba nikae kidogo hapa. Mimi nilikuwa na hofu kwamba likija jambo kubwa kama hilo mwanafunzi atatetemeka. Inawezekana alitetemeka ndani, sijui, lakini alikuwa na mtu wa kumpigia na alimpigia, na sisi tulijua amempigia kwa sababu alituambia. Yule mzoefu wetu wa mwanzo hakuuliza hilo swali kabisa. Sisemi wazoefu wote wako hivyo, nasema tu kwamba uzoefu peke yake haukumkinga mdogo wangu, na kilichomkinga ni mtu aliyefuata hatua zote na aliyekuwa na macho ya mtu wa pili juu ya kazi yake.

Sasa kuna kikao kilichoharibika, na nakieleza kwa sababu ndo kilichonifanya nimwamini zaidi. Alikuwa anachora ramani ya familia, ile ya vizazi vitatu, mraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, msalaba kwa waliofariki, mistari ya msukosuko kwa waliogombana. Kwenye kumuuliza mzee kuhusu baba yake, mzee akasema kitu ambacho sisi watoto hatukuwahi kusikia, kwamba na yeye aliachishwa masomo akiwa na umri karibu sawa na wa mdogo wangu kwa sababu babu alifariki na yeye ndo mkubwa. Alisema haraka haraka kama mtu anayetaja tarehe. Dada akadaka hapo hapo, akamuuliza labda ndo maana unaumia ukiona kijana anaichezea nafasi ambayo wewe ulinyimwa? Huenda ni kweli. Ila mzee alifunga uso, akatazama saa, na wiki iliyofuata hakuja, akasema hawezi kukaa mbele ya binti mdogo amchambue mbele ya watoto wake.

Alivyorudi, na alirudi kwa kuombwa kwa simu bila kubembelezwa sana, dada akaanza yeye. "Baba, kikao kile nilikwenda haraka kuliko ulivyokuwa tayari, na nilikuongelea mbele ya wanao bila kukuomba. Nimerudi kusikiliza ile rekodi na msimamizi wangu na nimeliona. Naomba radhi." Halafu akanyamaza, hakuongeza sababu za kujitetea. Mzee akakaa. Baada ya muda akasema basi, niulize tena lakini taratibu. Na aliulizwa taratibu, na tulimsikia mzee wetu akieleza siku aliyorudisha vitabu vya shule, na mdogo wangu akamuuliza swali moja tu, ulimwambia nani? Akasema hakuna mtu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatiana, na nyumbani siku zile mzee alikuwa mkali kidogo zaidi kuliko kawaida. Lakini ugomvi wa wao wawili ulianza kuwa na mwisho, kabla ya hapo haukuwa na mwisho.

Mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa mteja na mtaalamu umesimama kwenye mambo matatu, kukubaliana malengo, kukubaliana kazi ya kufanya, na ule uhusiano wenyewe kati yao. Na huo uhusiano unaweza kupasuka, inatokea hata kwa wakubwa, kinachotazamwa ni kama mtu anaona ufa na anaurekebisha. Huyu aliuona kwa msaada wa mwingine, sawa, lakini aliurekebisha yeye. Mimi kama mteja nilifurahi kujua kuna sehemu ambako makosa yanaenda kuangaliwa. Kaunsela wangapi wanakaa peke yao ofisini miaka na miaka hakuna anayesikia wanavyoongea na watu?

Mapungufu yapo na nitayasema. Mwanzoni alikuwa anatazama karatasi zake mno, mama akiwa anaeleza jambo zito yeye anaandika, ikabidi mama amuulize mwanangu unanisikia? Alipunguza baada ya hapo. Ana tabia ya kurudia alichosema mtu, "kwahiyo ninachosikia ni kwamba...", ni njia nzuri maana unajua umesikika na pia unaweza kumsahihisha, mwanasaikolojia Carl Rogers na wenzake walijenga mengi juu ya kumsikiliza mtu kwa namna hiyo, na mwaka 1957 Rogers aliandika kuhusu masharti ya mtu kubadilika, huruma ya kweli ya kuelewa, kumkubali mtu bila masharti, na mtaalamu kuwa mkweli wa nafsi yake. Ila ukiirudia kila sentensi inageuka ya kukariri, na mdogo wangu alimwambia usoni, nimeshasema hivyo usirudie. Akacheka, akasema sawa niambie ukihitaji nirudie. Tangu hapo akawa anaongea kawaida zaidi.

Majibu mengine yanachelewa. Ukimuuliza kitu nje ya uwezo wake anasema hili sina uhakika nalo, nitaliuliza nikujibu kikao kijacho, na analijibu kweli, lakini kama wewe ni mtu wa kutaka jibu leo utakereka. Mzee alikereka. Mimi niliona afadhali. Suala la usingizi wa mdogo wangu kwa mfano hakujifanya daktari, aliandika barua ya rufaa kwa daktari, akaomba ridhaa ya kuwasiliana naye, na akaendelea na sehemu yake.

Kila kikao kinaanza na fomu fupi unapima wiki yako ilivyokuwa na kinaisha na nyingine unapima kikao chenyewe kilikuwaje, umesikilizwa au la, tumeongelea ulichotaka au la. Mama aliziona usumbufu. Mimi naona zilisaidia, kwa sababu mdogo wangu ambaye hawezi kumwambia mtu mkubwa hujanielewa, aliweza kuweka alama chini, na dada alikuwa anaitazama pale pale na kuuliza nibadilishe nini.

Kubwa kuliko yote ni kuondoka kwake. Mwanafunzi anakuja na tarehe ya kuondoka, muda wake wa mafunzo ukiisha anaondoka hata kama nyinyi hamjaisha. Alitueleza tangu kikao cha kwanza, na ilivyokaribia akaanza kuikumbusha mapema, akatenga vikao vya mwisho kwa ajili ya kuagana na kukabidhi, akamleta kaunsela anayempokea akae nasi kikao kizima kabla hajaondoka, na akamuuliza mdogo wangu nini angependa huyo mpya asome kwenye faili na nini angependa kukieleza mwenyewe. Imefanywa vizuri kadiri inavyowezekana. Bado iliuma. Kijana aliyechukua muda wote ule kumwamini mtu anaambiwa aanze na mwingine, na wiki mbili za kwanza alirudi kulala mchana. Mtu ambaye ana historia ya kuachwa na watu, au mtoto mdogo aliyepoteza mzazi, mfikirie vizuri kabla hujampeleka kwa mtu mwenye tarehe ya kuondoka, au uulize mapema kama kuna uwezekano wa kukaa muda mrefu.

Na kuna ambao nisingewapeleka kwenye kikao cha familia kabisa, awe mwanafunzi awe bingwa. Kama nyumbani kuna mtu anapigwa au anatishwa, kukalishwa pamoja na anayempiga kunaweza kumponza, maana atakachosema mle ndani atakilipia akirudi. Anza peke yako, sema wazi kwamba kuna kipigo, na kaunsela anayejua kazi yake hatawakutanisha. Huyu wetu kabla ya kikao cha kwanza alimpigia kila mmoja wetu kivyake akauliza kuna mtu unamuogopa nyumbani? Wakati ule niliona swali la ajabu, sasa naelewa kwanini lilitangulia.

Bei ni ya chini kuliko kwa wenye leseni, kama ilivyo kwa vituo vingi vya mafunzo, na kwetu hilo ndo lilitufikisha pale, sitaficha. Lakini sio sababu ya kumpa nyota nne na nusu. Nampa kwa sababu alikataa kuwa hakimu. Kila mmoja wetu kwa wakati wake alijaribu kumvuta awe upande wake, mzee kwa simu, mama kwa machozi, mimi kwa kumletea ripoti, mdogo wangu kwa kunyamaza, na hakuvutika, na bado kila mtu alitoka akihisi amesikilizwa. Nusu nyota nimeitoa kwa ajili ya ile tarehe ya kuondoka, ambayo sio kosa lake bali ni mpangilio wa mafunzo yenyewe, ila anayelipia ni mteja.

Ukienda uliza msimamizi wake ni nani na anamwona mara ngapi, uliza muda wake unaisha lini na baada ya hapo mnakabidhiwa kwa nani, uliza rekodi zinahifadhiwa wapi na zinafutwa lini. Akijibu huku anakwepa, omba mwingine, una haki hiyo. Na kama ni familia nzima mnaenda omba kikao cha dakika 90, ile ya 50 inatosha kwa mtu mmoja, kwa watu wanne ikifika dakika ya 50 ndo kwanza mzee anaanza kufungua mdomo. Vikao vya jioni ndo vinavyojaa haraka kwahiyo sema mapema. Sisi tupo na huyo mpya sasa, mdogo wangu anaendelea kwenda mwenyewe, na mzee wiki hii kauliza kikao cha familia ni lini.